MTI USIO NA KWAO



Somo letu la mwezi huu ni la mimea. Najua wako watakaosema, "Mwalimu naye ameanza tena." Naam, nimeanza tena. Mtu aliyefundisha zaidi ya miaka thelathini hawezi kuona kipande cha chaki kikiwa chini akakipita. Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, maana habari hii yaanzia mbali sana, ng'ambo ya bahari, lakini yaishia darini kwa mama yangu, na pengine darini kwako pia.

Mti wenyewe ni mdogo, wa maua, nao huitwa Franklinia. Kwao ni Marekani ya kusini. Tangu mwaka 1803 hakuna mtu aliyethibitisha kuuona ukiota wenyewe porini. Hata hivyo haukufa. Uko hai mpaka leo, na kila mwaka wachanua katika bustani za watu. Basi swali la somo letu ni hili: Ilikuwaje mti ukafa kwao, ukaishi ugenini?

1. Maneno ya kuelewa kwanza

Kabla hatujaendelea, tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kutoweka kabisa. Kiumbe kimetoweka kabisa iwapo hakibaki hata kimoja popote duniani. Mfano ni yule ndege mkubwa asiyeweza kuruka, dodo, aliyekuwa katika kisiwa cha Mauritius. Alimalizika katika karne ya 17, na leo twaona mifupa na picha tu.

La pili ni kutoweka porini. Hapa kiumbe hakipo tena mahali pake pa asili, lakini kimebaki mikononi mwa watu, yaani katika bustani, katika kitalu, au katika vizimba. Ni kama mtu ambaye kijiji chake chote kimeteketea kwa moto usiku, naye akapona kwa sababu siku ile alikuwa amekwenda kulala kwa shemeji yake.

Sisi Watanzania tunao mfano wetu wenyewe. Ni chura mdogo wa Kihansi, wa milima ya Udzungwa. Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996, akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, wala hakuonekana mahali pengine popote. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 wataalamu walichukua vyura 499 wakawapeleka Marekani kutunzwa. Baadaye ugonjwa wa kuvu uliwapata wale waliobaki bondeni, wakaisha. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Lakini wale waliopelekwa ugenini walizaa, na mwaka 2010 baadhi yao wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha kwenye bonde lao ikaanza.

Basi Franklinia ni kama chura wa Kihansi, ila yenyewe ilitangulia kwa miaka mia mbili, na wakati ule hapakuwa na serikali wala shirika lililojua kwamba kuna kitu cha kuokoa. Palikuwa na mkulima mmoja na mwanawe.

2. Ndugu wa chai

Ninyi mkaao karibu na mashamba ya chai mnaweza kuujua mti huu bila kusafiri. Franklinia ni wa jamii moja na chai. Nenda kwenye shamba la chai lililoachwa muda bila kuchumwa. Utaona maua madogo meupe, yenye nyuzi nyingi za njano katikati. Sasa likuze ua hilo katika fikira zako mpaka upana wake uwe sentimeta 7 au 8, ulipe petali tano nyeupe kama shuka iliyofuliwa, na harufu tamu ya kukumbusha maua ya mchungwa. Hilo ndilo ua la Franklinia.

Mti wenyewe si mrefu. Mara nyingi hauzidi meta 6 au 7, na hutoa mashina kadhaa tangu chini. Majani yake ni marefu, ya kijani yenye kung'aa. Huchanua mwishoni mwa kiangazi cha kwao, yaani mwezi wa Agosti na Septemba, wakati ambapo miti mingine mingi imekwisha kuchanua. Na majira ya baridi yakikaribia, majani yake hugeuka kuwa mekundu hali maua meupe yangalipo juu yake.

Tunda lake ni dogo, gumu na la mviringo. Nalo halina haraka. Ua likichavushwa mwaka huu, mbegu zake huiva mwaka ujao, baada ya miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo huweza kuonekana katika tawi moja maua ya mwaka huu na matunda ya mwaka jana, kama mama aliyembeba mtoto mgongoni huku mkubwa akimshika mkono.

Mti huu hupenda udongo wenye tindikali kidogo usiotuamisha maji, kama chai. Maji yakisimama mizizini, huoza na kufa.

3. Baba na mwana

Katika karne ya 18, karibu na mji wa Philadelphia, kando ya mto Schuylkill, aliishi mkulima jina lake John Bartram. Alizaliwa mwaka 1699. Hakusoma chuo kikuu chochote. Alikuwa na shamba, jembe, na udadisi wa kupenda kujua kila jani linaitwaje. Mwaka 1728 alinunua shamba kando ya mto ule, akatenga sehemu yake kuwa bustani ya mimea aliyoikusanya mwenyewe katika safari zake.

Huko London alikuwapo mfanyabiashara wa nguo, Peter Collinson, aliyependa bustani. Hawa wawili wakawa wanaandikiana. Bartram alijaza masanduku ya mbegu na mizizi akayapeleka Uingereza kwa meli, naye Collinson akayagawa kwa watu waliolipa fedha. Kazi hiyo ikaendelea miaka mingi, na mwaka 1765 Mfalme George III akamfanya Bartram kuwa mtaalamu wake wa mimea huko Amerika, kwa malipo ya paundi 50 kwa mwaka.

Mwaka ule ule mzee John, akiwa na umri wa miaka 66, akasafiri kwenda kusini kuichunguza nchi, akamchukua mwanawe William, kijana wa miaka 26. Tarehe 1 Oktoba, 1765, wakiwa katika jimbo la Georgia karibu na ngome iliyoitwa Fort Barrington, wakapotea njia. Katika kuhangaika kando ya mto Altamaha wakaona miti midogo ambayo hawakuwahi kuiona popote. Mzee akaandika habari yake katika daftari la safari. Hawakupata mbegu zilizoiva, wakaendelea na njia yao.

Hapa ndugu zangu nataka mtazame jambo moja. Mtu mwingine angepita. Msitu ule ulijaa miti, nao walikuwa wamechoka na wamepotea. Lakini mzee alijua miti yake vizuri kiasi cha kutambua mgeni. Mwalimu huwajua watoto wake darasani kwa namna hiyo hiyo: akiingia mmoja asiye wa darasa lile, humwona mara moja.

4. Mbegu zilizorudi

Mwana hakuusahau ule mti. Mwaka 1773 William alianza safari nyingine ya kusini, safari hii kwa gharama ya daktari mmoja wa London, John Fothergill. Alitembea karibu miaka minne. Katika safari hiyo alirudi kwenye mto Altamaha, akauona mti ule ukiwa umechanua, akapata mbegu. Baadaye aliandika kwamba mahali pale ulistawi kwa wingi katika eneo la ekari mbili au tatu tu, na kwamba katika safari zake zote hakuuona tena mahali pengine popote.

Kumbukeni wakati huo ulikuwa wa vita. Makoloni ya Amerika yalikuwa yakipigana na Uingereza, na Azimio la Uhuru lilitangazwa mwaka 1776. Katikati ya mambo hayo William alisafiri zaidi ya kilometa 1,000 kurudi nyumbani. Mwaka 1777 mbegu zikawa zimefika katika bustani ya baba yake, zikapandwa.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mzee John akafariki. Miche ilihitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Kwa hiyo yule aliyeutambua mti huu siku ya kwanza hakuuona ukichanua bustanini kwake. Aliukuta bila mbegu, akangoja miaka 12, na mbegu zilipofika akaondoka.

William alibaki akautunza. Akauita Franklinia kwa heshima ya rafiki wa baba yake, Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasayansi, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru. Jina la pili, alatamaha, likatoka kwa mto ulikopatikana. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1785 katika kitabu cha binamu ya mzee John, Humphry Marshall. Na mwaka 1788 William, aliyekuwa mchoraji hodari, akauchora kwa rangi.

5. Mara ya mwisho

Mwaka 1803 mkusanyaji wa mimea aliyeitwa John Lyon alifika mahali pale kando ya Altamaha. Hakukuta ekari mbili au tatu. Alikuta miti mikubwa 6 au 8 tu, katika eneo lisilozidi nusu ekari.

Baada ya hapo, kimya. Wengine walikwenda kutafuta, mwaka baada ya mwaka, wakiwa na vitabu na ramani. Walipata mto, walipata mchanga, walipata miti mingine. Franklinia hawakuipata.

Kwa nini ilimalizika? Wataalamu wametaja sababu nyingi, na hakuna hata moja iliyothibitishwa peke yake. Wako wasemao ni moto wa porini, au mafuriko. Wako wasemao ni mashamba: kando ya mto ule watu walifyeka misitu, na Waafrika waliochukuliwa utumwani walilimishwa mpunga na pamba. Wengine wanaona kwamba pamoja na pamba ulikuja ugonjwa wa kuvu ushambuliao mizizi, ukaingia katika udongo na maji. Na wako wasemao ni wakusanyaji wenyewe, waliong'oa miti ili wakaiuze.

Pia wapo wanaofikiri kwamba mti ule ulikuwa umekwisha kudhoofika zamani, kabla ya Bartram kufika. Ekari mbili au tatu katika nchi kubwa namna ile ni kama kijiji cha mwisho cha kabila lililokuwa kubwa. Kitu kikibaki mahali pamoja tu, hakihitaji msiba mkubwa ili kimalizike. Moto wa siku moja watosha.

6. Kwa nini haukufa

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Mti huu haukupona kwa sababu ulikuwa na nguvu, wala kwa sababu kuna aliyejua kwamba hatari inakuja. Ulipona kwa sababu ulikuwa umekwisha kugawanywa.

Laiti William angezipanda mbegu zile akazizungushia ukuta, akajivunia kwamba ni yeye tu anayo, mti ungekuwa na maisha ya bustani moja. Barafu kali ya mwaka mmoja, au mvua nyingi ya mwaka mmoja, ingeumaliza. Lakini desturi ya nyumba ile ilikuwa kutoa. Waliuza, ndiyo, maana hawakuwa matajiri. Lakini hata kuuza ni kutawanya. Miche ilikwenda kwa majirani, ikaenda miji mingine ya Marekani, ikaenda Uingereza. Aliyepata alikata vipandikizi akampa mwingine. Familia ya Bartram iliendelea na bustani ile mpaka mwaka 1850, na mwaka 1891 ikawa mali ya mji wa Philadelphia. Ipo hata leo, na watu huitembelea.

Katika bustani ya miti iitwayo Arnold Arboretum, mjini Boston, iko miti ya Franklinia iliyopandwa mwaka 1905 ambayo ingali inachanua. Na mwaka 1998, walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha miaka 300 tangu kuzaliwa kwa mzee John, watunzaji wa bustani yake waliwaomba watu popote walipo waandike kama wanao mti huu nyumbani kwao. Ilihesabiwa miti zaidi ya 2,000, katika majimbo mengi ya Marekani na katika nchi nyingine kadhaa. Mingi ilikuwa katika viwanja vya watu wa kawaida, kando ya baraza, karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Yote hiyo, kwa kadiri ijulikanavyo, ni uzao wa mbegu zile za William. Mti wa msituni umekuwa mti wa uani.

7. Hatari iliyobaki

Msifikiri kwamba sasa mambo yamekwisha. Mti uishio kwa mkono wa mtu unakaa juu ya mkono huo. Porini mti huangusha mbegu, ndege na maji hufanya kazi, na hakuna anayeamka asubuhi kuukumbuka. Bustanini, mwenye nyumba akifa na watoto wake wakataka kujenga kibanda cha gari, habari imekwisha.

Tena, kwa kuwa miti yote hii yatokana na mbegu za mahali pamoja, imefanana mno. Ni kama ukoo mmoja ulioana wenyewe kwa wenyewe. Ugonjwa ukiupata mmoja, hakuna mwingine wa damu tofauti atakayesimama. Nao ugonjwa upo: kuvu ya mizizi huua Franklinia nyingi, hasa katika udongo unaotuamisha maji.

Na liko jambo la tatu, nalo ni la huzuni kidogo. Mti huu unajulikana, unapendwa, mwaka 1969 uliwekwa hata kwenye stempu ya posta ya Marekani. Lakini hauna kwao. Wale wadudu waliozoea maua yake kando ya mto Altamaha, ile mimea iliyosimama nao, hayo yote yamekatika. Bustani imeokoa mti. Haikuokoa msitu. Kwa hiyo tusije tukajidanganya tukasema, "Fyekeni tu, tutapanda nyingine uani." Bustani ni mahali pa kukimbilia nyumba inapoungua. Si sababu ya kuichoma nyumba.

8. Maharage ya mama

Sasa nirudi nyumbani, kama nilivyoahidi.

Mama yangu alikuwa na mbegu ya maharage aliyopewa na mama yake. Yalikuwa madogo, ya rangi ya udongo, yenye doa jeusi mahali pa jicho. Sisi tuliyaita maharage ya Bibi. Jina jingine sikulisikia. Hayakuzaa sana. Lakini mwaka wa jua kali, wakati maharage ya dukani yalikuwa yamekauka shambani, haya yalitoa chochote. Na mchuzi wake ulikuwa mzito bila nazi. Kila baada ya mavuno mama alichagua yaliyo mazima, akayachanganya na majivu makavu, akayatia katika kibuyu, akaziba kwa gunzi, akakiweka darini juu ya meko.

Nilipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1980 nikapangiwa shule ya mbali. Asubuhi ya kuondoka mama akanipa kibuyu kidogo. Akaniambia, "Baba, haya ndiyo ya Bibi. Usiyale yote. Kila mwaka panda, ubakize ya mwaka ujao."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndugu zangu, nilikuwa mwalimu mpya. Nilikuwa na masomo ya kuandaa, na shamba la shule, na katika shamba hilo tulipanda mbegu bora tulizoletewa. Nami nikiwa mwalimu wa kilimo niliwafundisha watoto kwamba mbegu za zamani ni za kurudi nyuma. Mbegu zile mpya zilikuwa nzuri kweli, sizisemi vibaya. Lakini kibuyu cha mama kilikaa juu ya kabati. Mwaka wa kwanza sikupanda. Wa pili sikupanda. Mwaka wa tatu nikakifungua, nikakuta fukusi wamekula kila kitu. Unga tu, na maganda yenye matundu.

Sikumwambia mama. Niliona aibu. Tena nikajisemea moyoni, "Si kitu, mama anayo."

Mwaka 1994 mama alifariki. Baada ya matanga nikapanda darini kutafuta kibuyu chake. Kilikuwapo, na gunzi lake, lakini kilikuwa kitupu. Nikamwuliza dada yangu, aliyekuwa akikaa naye. Akanitazama, akasema, "Kaka, mama aliacha kupanda tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Alisema hana wasiwasi, maana mwalimu anayo."

Mimi nilidhani mama anayo. Mama alidhani mimi ninayo. Nikawauliza majirani na wajomba, nikauliza sokoni kwa miaka mingi. Hakuna. Ilikuwa mbegu ya nyumba yetu, nasi tulijivunia kwamba ni ya nyumba yetu, basi haikutoka nje ya ukuta wa nyumba yetu. Na hilo ndilo lililoiua. Kama mama angempa jirani mmoja tu ujazo wa kikombe, leo ningepiga hodi kwake.

Wala hakuna kitabu kilichoiandika. Franklinia ina picha, ina stempu, ina watu wanaohesabu miti yake. Maharage ya Bibi yana mimi tu niyakumbukaye, nami umri umekwenda.

9. La kufanya

Mwalimu asiyetoa kazi ya nyumbani hajafundisha. Kazi yetu ni hii.

Kwanza, kila nyumba itazame kilichobaki: kunde, maharage, mtama, mahindi ya zamani, viazi vikuu, migomba, maua ya mama zetu yaliyo kando ya njia, dawa zilizopandwa uani. Ulizeni wazee majina yake. Yaandikeni katika daftari, pamoja na ladha yake, muda wa kukomaa, na jinsi yanavyostahimili jua au mvua. Jina likipotea, kitu chenyewe hufuata.

Pili, mbegu ya maharage isikae zaidi ya mwaka mmoja au miwili bila kupandwa. Ikaushwe vizuri, ichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, itiwe katika chombo kisichopitisha hewa. Kama huna nafasi ya shamba, mistari miwili uani yatosha kuiweka hai.

Tatu, na hili ndilo kubwa, toeni. Sikukuu ya mavuno ikifika, kila mwenye mbegu ya zamani alete ujazo wa kiberiti kimoja tu, iliyofungwa katika karatasi na kuandikwa jina. Tubadilishane pale nje baada ya ibada. Aliyepewa naye ampe mwingine mwaka unaofuata. Usiogope kwamba ukitoa utapungukiwa. Siku yako ikiteketea, utakwenda kuomba kwa yule uliyempa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Eleza tofauti kati ya kutoweka kabisa na kutoweka porini. Toa mfano mmoja wa kila namna.

2. John Bartram aliwezaje kutambua kwamba mti aliouona mwaka 1765 ulikuwa mgeni kwake? Je, watoto wetu wanaijua miti mingapi ya hapa kwa majina?

3. Kwa nini miti zaidi ya 2,000 ya uzao mmoja bado iko katika hatari?

4. Je, ni kitu gani nyumbani kwako ambacho unadhani kiko kwa ndugu yako, naye anadhani kiko kwako? Mwulize wiki hii, wala usingoje matanga.